Dodoma tunakodi saa za kusubiri: hatima ya ofisi za pamoja katika makao makuu

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Ninaishi Ilazo kwa mwaka wa nne sasa, na riziki yangu ni kuandaa nyaraka za zabuni na hesabu za kampuni ndogo ndogo, kazi ambayo ofisi yake ni popote palipo na laptopu, umeme na mtandao. Katika miaka hiyo nimefanyia kazi kwenye meza ya chakula, mgahawani, kwenye steshenari ya rafiki yangu na hata ndani ya gari lililoegeshwa chini ya mti nje ya wizara. Kwa miezi kumi na moja nilikuwa pia mmoja wa wabia wawili wa ofisi ya pamoja yenye viti vinane, Area D, ambayo tuliifunga wenyewe. Naleta uzi huu kwa sababu watu hawaishi kuniuliza kama biashara ya kukodisha meza ina mustakabali hapa jijini, na majibu wanayopewa kwingine huwa yametoka Nairobi au Marekani, yakafikishwa kwetu bila kupimwa.

Nianze na tulipokosea. Tulikodi fremu mbili, tukavunja ukuta wa katikati, tukalipa kodi ya pango ya mwaka mzima kwa mkupuo kama mwenye nyumba alivyotaka, tukaweka waifai, inveta yenye betri mbili, printa na birika la umeme, kisha tukabandika mlangoni bei ya mwezi. Tuliamini kwamba wateja watakuwa vijana wanaotengeneza programu na wabunifu wa michoro, kwa kuwa hao ndio tuliowaona kwenye picha za ofisi za namna hiyo. Vijana walikuja, wakapiga picha, wakatusifu na wakarudi vyumbani kwao, maana anayelipia chumba na bando kila mwezi hana fungu la tatu la kulipia kiti. Mwezi wa kwanza tulipata mteja mmoja. Baadaye nilisoma kwamba hata Brad Neuberg, ambaye wengi humtaja kuwa mwanzilishi wa mtindo huu kwa ofisi aliyoifungua San Francisco mwaka 2005, alikaa mwezi wa kwanza bila mtu kufika. Nilifarijika kidogo, ingawa yeye alikodi mahali pake kwa siku mbili za wiki, ilhali sisi tulikuwa tumeshalipia siku 365.

Waliokuja wakalipa bila kubishana ni watu ambao hatukuwa tumewafikiria kabisa. Asubuhi moja ya mwezi wa tano aliingia mzee mwenye bahasha ya kaki kwapani, viatu vimejaa vumbi, akauliza kama anaweza kukaa hadi saa nane mchana. Alikuwa ametoka Singida kufuatilia malipo ya kazi ya ujenzi, na ameambiwa kwamba faili linakwenda kusainiwa, arudi baadaye. Laptopu hakuwa nayo. Alichaji simu, akaandika barua kwa kalamu, akaomba tumchapie, akapiga simu kadhaa kwa sauti ya chini akiwa ameelekea ukutani, kisha akasinzia kama dakika ishirini huku ameketi wima na bahasha iko mapajani. Wakati wa kuondoka alitoa shilingi elfu tano na kusema kwamba hiyo ndiyo fedha iliyomuuma kidogo kuliko zote alizotumia tangu ashuke kwenye basi, kwa sababu mtu wa umri wake akiomba chumba cha gesti kwa saa tano za mchana, mhudumu humtazama kwa jicho lingine.

Tangu siku hiyo niliutazama mji huu upya. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini kwa miongo mingi mwenye shida na wizara alishukia Dar es Salaam. Mambo yalibadilika baada ya Rais Magufuli kutangaza, Julai 2016, kwamba serikali inahamia Dodoma moja kwa moja, na Aprili 2019 ofisi za wizara zikazinduliwa katika Mji wa Serikali, Mtumba, takribani kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Sensa ya mwaka 2022 ililikuta Jiji la Dodoma lina watu 765,179, na ndani ya hesabu hiyo hayumo yule anayeingia Jumanne na kutoka Alhamisi. Mtu huyo akiwa na shughuli Mtumba saa tatu asubuhi na nyingine saa nane mchana, katikati ana saa nne zisizo na mahali. Akirudi mjini amepoteza nauli na muda, na akibaki kule atakaa kwenye benchi la mapokezi au kwa mama lishe, ambako hawezi kufungua mkataba wa mteja mezani wala kuzungumza na bosi wake bila watu wanaokula ugali kusikia.

Treni ya SGR imeongeza uzito wa jambo hili. Kabla ya safari za Dodoma kuanza mwishoni mwa Julai 2024, aliyetoka Dar es Salaam kwa basi alikaa barabarani karibu siku nzima, kwa hiyo alilala hapa usiku mmoja au miwili. Sasa anafika kwa takribani saa tatu na nusu, anafanya shughuli yake na jioni anarudi kwake. Usiku aliokuwa akiulipia gesti haupo tena, lakini saa za mchana anazozurura na begi mgongoni zimebaki palepale, na kwa maoni yangu hizo ndizo bidhaa yetu.

Jambo la mwisho ni misimu. Bunge la bajeti likikaa, kuanzia Aprili hadi Juni, viti vyetu vinane havikutosha na tuliazima vingine vya plastiki kwa jirani. Julai ikaingia, nikabaki na mteja mmoja na feni mbili. Anayedhani kwamba udhaifu huu ni wa wachanga wa mtaji peke yao aitazame WeWork, iliyoanzishwa New York mwaka 2010. Januari 2019 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47, na Novemba 2023 ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani. Ilikuwa na makosa mengi mengine, lakini kiini chake ni kwamba ilijifunga kwa wenye majengo kwa miaka mingi wakati wateja wake wanaweza kuondoka kwa taarifa ya muda mfupi. Sisi tulikuwa WeWork ya viti vinane na birika moja.

Rai yangu ni kwamba ofisi ya pamoja itakayodumu Dodoma itauza saa badala ya mwezi, itakuwa njiani kuelekea Mtumba au karibu na stesheni, na haitakuwa na jengo lake yenyewe. Nawasilisha.

Mkazi wa Nkuhungu

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo marefu yasiyo na majigambo. Hata hivyo umetuvuka sisi ambao hatusubiri faili la mtu yeyote. Mimi ni mwanamke mwenye watoto wawili, ninajibu maswali ya wateja wa kampuni iliyoko Uingereza, na kwa sababu ya tofauti ya saa zamu yangu huanza saa nane mchana na kumalizika saa nne usiku. Nyumba yetu ina vyumba viwili na imepakana na mashine ya kusaga. Mteja akinipigia wakati mashine imewashwa huwa namwambia kwamba kuna ukarabati unaendelea katika jengo, na jengo hilo sasa linakarabatiwa mwaka wa pili.

Ugumu mkubwa kuliko kelele ni ndugu. Kwa watu wetu kazi ni kutoka. Usiyetoka hufanyi kazi. Wifi yangu, namaanisha wa undugu na si wa mtandao, akipita asubuhi husema, "Afadhali wewe dada unayeshinda nyumbani," kisha ananiachia mtoto wake na kwenda sokoni Majengo. Nimeeleza, nimeonyesha hati ya malipo, nimenuna, haikusaidia. Nilipokodi kwa wiki mbili pembe ya chumba katika saluni ya rafiki yangu, nikawa natoka na mkoba saa saba na nusu, mtoto hakuletwa tena. Kwa hiyo ninachokilipia ni ule mlango wa kutokea.

Ninahitaji mambo mawili ambayo sijayaona kwenye mpango wako wa kuuza saa. Kwanza ni chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na bodaboda anayefahamika wa kunirudisha saa nne usiku. Pili ni mtandao usiotegemea njia moja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilikuwa na laini mbili za kampuni tofauti na nilijiona mjanja, nikagundua kwamba laini mbili si kitu ikiwa zote zinapita kwenye njia ileile baharini. Mwenye ofisi ya pamoja anayeuza mtandao anapaswa kuwauliza kampuni zinazompa huduma kwamba data zake zinapita wapi, na awe na jibu la kunipa ninapolipia.

Mtumishi

Ndugu mleta uzi, mimi ni mtumishi wa umma na nitasema kwa uangalifu. Hoja yako imeandikwa vizuri, lakini imesimama juu ya ucheleweshaji. Mzee wa Singida alikaa kwako kwa sababu faili lake lilikuwa safarini kati ya meza mbili. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na yenye makao yake hapa Dodoma, inasimamia mifumo inayokusudiwa kuondoa safari hizo, ikiwemo ofisi mtandao ambayo faili hupita humo bila kubebwa na mtu. Zabuni tangu mwaka 2023 zimehamia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Mifumo hiyo ikifanya kazi inavyotakiwa, mzee atafuatilia malipo akiwa Singida kwa simu yake, na saa unazotaka kuziuza hazitakuwepo. Unawekeza katika kasoro ambayo mwajiri wangu analipa fedha kuiondoa.

Naona mteja mwingine ambaye hukumtaja, naye ni mimi. Familia yangu ipo Dar es Salaam, kwa kuwa mke wangu ameajiriwa huko na watoto wanasoma huko, na mimi nimepanga Kisasa. Ijumaa jioni treni hujaa watu wa aina yangu. Muda wetu wa kazi ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, na kazi yangu ya siku ya Ijumaa, nikiwa mkweli, ni kuandika taarifa, ambayo ningeweza kuiandikia popote. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa katika kampuni ya Trip.com ya China kwa wafanyakazi 1,612, ambapo waliofanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki hawakutofautiana na wenzao kwa tathmini ya utendaji, lakini walioacha kazi miongoni mwao walipungua kwa theluthi moja. Kwa upande wa pili, Amazon iliwarudisha wafanyakazi wake ofisini siku zote tano kuanzia Januari 2025, kwa hiyo wakubwa wa dunia wenyewe hawajakubaliana. Kwetu kikwazo ni kwamba msimamizi amezoea kuhesabu vichwa. Tumeletewa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kusimamia utendaji wa watumishi, ili kazi ipimwe kwa matokeo, na bado wapo wanaopita milangoni saa mbili asubuhi kuangalia koti la nani lipo kwenye kiti. Mimi nimeacha koti langu ofisini tangu mwaka jana.

Mleta uzi

Mtumishi, hapo umenibana, na sitajifanya sijasikia. Ni kweli kwamba mzee wa bahasha hatarudi mfumo ukikaa sawa, na nikiwa raia nisingependa arudi. Ninachoweza kukueleza ni kile nilichokiona NeST ilipoanza. Wengi tulidhani kwamba zabuni zikiingia mtandaoni watu watabaki kwao. Kilichotokea ni kwamba usiku wa kuamkia siku ya kufunga zabuni ndio uliotuingizia fedha kuliko usiku mwingine wowote. Nyaraka bado zinahitaji saini, hati ya uwakilishi bado inahitaji muhuri wa wakili, kila karatasi inatakiwa kuchanganuliwa na kupakiwa, na mtu aliyepata hofu ya umeme kukatika saa tano na dakika hamsini usiku yuko tayari kulipa mara mbili ya bei kwa sababu ya inveta peke yake. Nakumbuka usiku mmoja wakandarasi wawili wanaoshindania zabuni ileile walikaa meza zilizopeana migongo, kila mmoja amefunika skrini kwa mkono kama mtoto wa darasa la nne kwenye mtihani, na wote wakaazima chaja moja. Mfumo umepunguza bahasha na kuongeza laptopu. Labda nao utafika mwisho wake, lakini kwa miaka michache ijayo ningeweka fedha hapo.

Dada wa Nkuhungu, nimelipokea somo la chumba chenye mlango. Sisi tulikuwa na kona iliyowekewa pazia, na pazia halizuii siri. Kuhusu saa nne usiku sina majibu, kwa kuwa mlinzi wa usiku peke yake alikuwa akimaliza faida ya wiki.

Mwenye nyumba, Makulu

Kila uzi unaohusu biashara lazima mwenye nyumba awe ndiye mbaya. Ninapoomba kodi ya mwaka ni kwa sababu nimewahi kuachiwa fremu yenye deni la umeme na mlango uliong'olewa. Zaidi ya hayo kuna kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji anatakiwa kuizuia na kuipeleka TRA, lakini wengi wao wananiambia wataipeleka na hawaipeleki. Mtu akinijia na pendekezo la kugawana mapato ya kila mwezi badala ya kodi, na akaniruhusu kuona daftari, nitamsikiliza. Hakuna aliyewahi kuja.

Mwanafunzi

Naomba mtufikirie na sisi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Shilingi elfu moja kwa saa mbili tutalipa, hasa wakati wa kuandika tasnifu. Zaidi ya hapo tutabaki kwenye vimbweta.

Mhasibu

Nimesoma kimya, lakini kuna mambo mawili hayajaguswa na ndiyo yanayowatia watu matatani.

La kwanza ni usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na haitofautishi kati ya ofisi yako na meza uliyoikodi kwa saa. Mimi ninaandaa mishahara ya taasisi mbili. Siku moja, katika ofisi ya pamoja ambayo sitaitaja, nilituma orodha ya mishahara kwenye printa, karatasi zikaisha katikati, nikaondoka nikidhani kazi imeshindikana. Aliyekuja baada yangu alijaza karatasi ili achape tiketi yake ya treni, na kurasa tatu za mishahara ya watu zikatoka mbele yake. Alikuwa muungwana akanipigia simu. Tangu siku hiyo sichapi chochote mahali ambapo printa haiombi namba ya siri kwanza.

La pili ni anwani. Kampuni inaposajiliwa BRELA lazima itaje ofisi yake, na leseni ya biashara nayo inadai mkataba wa pango. Wapo wanaokodi kiti kwa mwezi mmoja ili wapate karatasi hiyo, kisha hawaonekani tena. Mleta uzi, je, hayo yalikukuta?

Mleta uzi

Yalinikuta, tena kwa wingi. Tulikuwa na viti vinane lakini kwenye makaratasi tulikuwa makao ya kampuni kumi na tisa. Ilikuwa fedha rahisi, nakiri, hadi alipokuja ofisa wa kodi kumtafuta mkurugenzi wa mojawapo na kumkuta mbia wangu anaosha vikombe. Mbia wangu alijieleza kwa saa nzima. Baada ya hapo tuliweka sharti kwamba anayetumia anwani yetu anaacha nakala ya kitambulisho cha NIDA na anapokea barua zake kila wiki, na kumi na wanne wakatoweka ndani ya mwezi mmoja. Nikianza tena, anwani nitaiuza kwa mkataba wake peke yake, kwa bei ya juu kuliko kiti, kwa kuwa mzigo wake ni mkubwa kuliko wa kiti.

Msafiri wa Dar

Naomba kuuliza swali la mtu mwenye haraka. Alhamisi nakuja kwa treni ya asubuhi, nina kikao Mtumba saa nane na kingine cha mtandaoni saa tano. Kwa sasa ninaweza kukaa wapi?

Mleta uzi

Kaka, nilikuwa nasita kuliandika hili kwa sababu bado ni jaribio. Nimekubaliana na mama mmoja mwenye mgahawa Ihumwa, kwenye barabara ya kwenda Mtumba. Mgahawa wake hujaa saa nane, na kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita huwa mtupu, kwa hiyo meza nne za upande wa dirisha ni zangu katika saa hizo na mapato tunagawana nusu kwa nusu. Inveta ya Area D nimeihamishia huko. Anayetaka kubaki baada ya saa sita ataagiza chakula au atampisha anayekula. Kwa kikao cha mtandaoni kuna stoo ya mchele ambayo tumeitia mlango na taa. Ina joto, lakini magunia yanameza kelele vizuri kuliko pazia letu la zamani, na nimeshamwambia dada wa Nkuhungu aje aijaribu mchana mmoja kabla hatujaanza kuzungumzia usiku. Jana walikuwepo watu watatu, mmoja wao hakuwa na laptopu. Ukifika umuulize mama meza ya dirishani, naye atakupa ekstensheni, lakini chaja uje na yako.